Somo la Nne: Tiba ya Mawimbi Mshtuko na Nguvu za Kiume – Mambo ya Kufahamu Kabla ya Kulipa

Mnunuzi wa mahindi katika soko la Kibaigwa hatoi fedha kabla ya kutia mkono ndani ya gunia. Huzitazama punje, huzionja kwa meno ili apime ukavu wake, kisha huukagua mzani. Mnunuzi wa huduma ya afya hana nafasi hiyo. Hawezi kuifungua mashine aone kilichomo, wala hawezi kuung'ata ushahidi wa kitabibu ajue kama umekauka. Hulipa kwanza na kujua baadaye. Ndiyo sababu sheria imeweka msimamizi kati ya muuzaji na mnunuzi wa dawa na vifaa tiba, na ndiyo sababu tunaandika masomo haya.

Somo hili linahusu huduma ambayo wengi huiulizia kwa sauti ya chini: tiba ya mawimbi mshtuko kwa mwanamume mwenye upungufu wa nguvu za kiume. Baada ya kulisoma, tunatarajia msomaji aweze kueleza tiba hiyo ni nini, aupime uzito wa ushahidi wake, atofautishe kifaa kilichosajiliwa na dai lililothibitishwa, na ajue hatua ya kwanza ya kuchukua kabla ya kutoa fedha yoyote.

1. Tatizo lenyewe

Upungufu wa nguvu za kiume ni hali ya uume kushindwa kusimama, au kushindwa kubaki umesimama kwa muda unaotosha tendo la ndoa, hali hiyo ikijirudia kwa muda mrefu. Kushindwa mara moja kwa sababu ya uchovu, msiba au pombe si ugonjwa.

Uume husimama kwa damu. Ubongo na mishipa ya fahamu hutoa amri, mishipa ya damu hupanuka, damu huingia kwa wingi na kuzuiwa isitoke haraka. Kwa hiyo chochote kinachoharibu mishipa ya damu au ya fahamu huonekana hapo: kisukari, shinikizo la juu la damu, tumbaku, unene uliopitiliza na baadhi ya dawa. Msongo wa mawazo, sonona na migogoro ya nyumbani nayo huchangia, na mara nyingi sababu huwa zaidi ya moja.

Jambo moja linastahili kukaririwa. Mishipa ya ateri inayopeleka damu kwenye uume ina upana wa takribani milimita 1 hadi 2, ilhali ile inayolisha moyo ina milimita 3 hadi 4. Mafuta yanapoanza kuganda katika kuta za mishipa, mfereji mwembamba huziba kwanza. Ndiyo maana mwanamume anaweza kuona tatizo chumbani miaka kadhaa kabla ya kuhisi maumivu ya kifua. Katika hali hiyo, upungufu wa nguvu za kiume ni barua ya onyo kutoka kwenye moyo.

Onyo hili halituhusu kwa mbali. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza ulionesha kuwa takribani mtu 1 kati ya 4 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 nchini alikuwa na shinikizo la juu la damu, na takribani 9 kati ya 100 walikuwa na kisukari. Utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili miongoni mwa wanaume wenye kisukari ulibaini kuwa zaidi ya nusu yao walikuwa na upungufu wa nguvu za kiume kwa kiwango fulani. Mwenye tatizo hili, basi, hayuko peke yake, wala si kwamba amerogwa.

2. Mawimbi mshtuko yalikotoka

Wimbi mshtuko ni mgandamizo wa nguvu unaosafiri kwa kasi ndani ya kimiminika au mwilini. Si umeme unaopitishwa kwa mgonjwa, kama jina linavyoweza kumtia mtu hofu, wala si mionzi. Mnamo Februari 1980, mjini Munich, Ujerumani, daktari Christian Chaussy na wenzake walimtibu mgonjwa wa kwanza kwa kuyaelekeza mawimbi hayo kwenye jiwe la figo mpaka likavunjika bila kisu. Njia hiyo ilienea duniani, na manufaa yake kwa mawe ya figo hayabishaniwi.

Baadaye mawimbi yenye nguvu ndogo zaidi yalitumika kwa maumivu ya kisigino na ya kano. Kisha watafiti wakajiuliza: ikiwa mawimbi haya madogo yanaweza kuichochea tishu iote mishipa midogo mipya ya damu, je, hayawezi kuusaidia uume ambao mishipa yake imedhoofika? Mwaka 2010 Yoram Vardi na wenzake, huko Haifa, Israeli, walichapisha matokeo ya jaribio la wanaume 20. Kila mmoja alipata mapigo 1,500 katika kila awamu, awamu 2 kwa wiki kwa muda wa wiki 3, mapumziko ya wiki 3, kisha mzunguko huo ukarudiwa. Jumla ni awamu 12 katika wiki 9. Wengi wao walieleza kupata nafuu. Huduma zinazouzwa leo zimetokana na wazo hilo.

3. Ushahidi una uzito gani?

Hapa tunamwomba msomaji atulie nasi kidogo, kwa kuwa ndipo penye kiini cha somo.

Tatizo la nguvu za kiume huathiriwa mno na matumaini. Mwanamume aliyelipa fedha nyingi, akahudumiwa na mtu mwenye koti jeupe na kuisikia mashine ikigonga, anaweza kupata nafuu ya kweli hata kama mashine hiyo haikutoa wimbi lolote. Kwa sababu hiyo, jaribio lenye uzito hugawa wagonjwa makundi mawili kwa kura. Kundi moja hupata tiba halisi, na jingine huguswa kwa kifaa kinachofanana nacho na kutoa sauti ileile, lakini bila mawimbi. Si mgonjwa wala mpimaji anayejua nani yuko kundi lipi. Kinachohesabiwa kuwa kazi ya tiba ni ile tofauti inayobaki kati ya makundi hayo.

Jaribio la mwaka 2010 halikuwa na kundi la namna hiyo. Majaribio yaliyofuata yalikuwa nalo, na majibu yake hayakulingana. Mengine, likiwamo la Vardi mwenyewe la mwaka 2012, yalionesha nafuu, hasa kwa wanaume wenye tatizo dogo linalotokana na mishipa ya damu. Jingine, lililofanyika Denmark kwa wanaume zaidi ya 100 na kuchapishwa mwaka 2017, halikuona tofauti ya maana kati ya waliopata mawimbi na waliopata kifaa bandia. Aidha, majaribio mengi yamehusisha watu wachache, yametumia mashine tofauti na idadi tofauti ya mapigo, na kuwafuatilia wagonjwa kwa muda mfupi. Hata miongoni mwa walionufaika, wapo ambao nafuu yao ilipungua baada ya mwaka mmoja au miwili.

Kutokana na hali hiyo, mwongozo wa Jumuiya ya Madaktari wa Mfumo wa Mkojo ya Marekani wa mwaka 2018 uliiweka tiba hii katika kundi la tiba zilizo bado kwenye uchunguzi. Mwongozo wa jumuiya kama hiyo ya Ulaya umeiruhusu, lakini kwa pendekezo hafifu, na kwa wagonjwa wenye tatizo dogo litokanalo na mishipa ya damu.

Tuseme bila kuongeza wala kupunguza: tiba hii si utapeli kwa asili yake, na katika majaribio madhara yake yameonekana kuwa machache, kama maumivu kidogo au michubuko. Lakini pia si tiba iliyothibitishwa kwa kila mwanamume. Yeyote anayeiuza kama jambo lililokwisha kuamuliwa anasema zaidi ya anachokijua.

4. Mashine mbili, jina moja

Neno "mawimbi mshtuko" hutumika kwa vifaa viwili visivyo sawa. Cha kwanza hutoa mawimbi yanayokusanywa na kulengwa mahali maalumu ndani ya mwili. Hicho ndicho kilichotumika katika sehemu kubwa ya majaribio tuliyoyataja. Cha pili hufanya kazi kwa hewa iliyogandamizwa inayosukuma kipande cha chuma kigonge kichwa cha kifaa. Mawimbi yake hutawanyika kuanzia juu ya ngozi na kupungua nguvu kadiri yanavyoingia ndani. Vifaa vya aina ya pili hutumika katika tiba ya viungo kwa misuli na kano, na kwa kawaida huwa nafuu kwa bei.

Muuzaji anayetumia kifaa cha pili huku akinukuu matokeo ya kifaa cha kwanza ni sawa na mtu anayeuza mbegu zisizojulikana ndani ya mfuko wenye picha ya mbegu bora. Msomaji ana haki ya kuuliza ni aina ipi itakayotumika kwake, na kuomba kuliona jina la mtengenezaji na namba ya kifaa.

5. Kifaa kilichosajiliwa na dai lililothibitishwa

Katika Tanzania, usimamizi wa ubora, usalama na ufanisi wa dawa na vifaa tiba upo chini ya Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219. Kazi hiyo ilifanywa na Mamlaka ya Chakula na Dawa kuanzia mwaka 2003, na tangu mwaka 2019 inafanywa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yenye makao makuu hapa Dodoma. Vifaa tiba hupangwa katika madaraja manne, A hadi D, kwa kadiri ya hatari inayoweza kumpata mgonjwa.

Kosa ambalo tungependa kila msomaji aliepuke ni hili: kudhani kwamba kifaa kilichosajiliwa kimethibitishwa kwa kila kazi. Usajili huenda pamoja na matumizi yaliyokusudiwa na mtengenezaji. Mashine iliyokubaliwa kwa maumivu ya kisigino haipati kibali cha kutibu nguvu za kiume kwa kuhamishwa tu kutoka mguuni. Kwa hiyo anayesema "mashine yetu imesajiliwa" amejibu nusu ya swali. Nusu iliyobaki ni: imesajiliwa kwa kazi gani?

Vilevile, matangazo ya dawa na vifaa tiba kwa umma yanahitaji kibali. Kituo chenyewe kinapaswa kuwa kimesajiliwa kutoa huduma za afya, na daktari awe na leseni ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Chumba cha kupanga chenye kitanda, mashine na bango hakigeuki kituo cha afya kwa sababu mhudumu wake amevaa koti jeupe.

6. Hasara isiyoandikwa kwenye risiti

Tuchukue mfano wa kubuni. Mfanyabiashara wa mahindi mwenye umri wa miaka 52 ana tatizo hili kwa muda wa mwaka mmoja. Kwanza anajaribu mkongo, kisha vumbi la Kongo. Baadaye anapata kijikaratasi cha huduma ya mawimbi mshtuko mjini. Anaambiwa kila awamu ni shilingi 150,000, nayo haionekani kubwa. Hakuna anayemwambia kuwa awamu ni 12, na kwamba jumla ni shilingi 1,800,000, mbali na nauli ya kwenda na kurudi mara 12 na siku 12 za kutokuwapo sokoni.

Analipa. Mwezi wa kwanza anaona nafuu kidogo. Wa tatu hali inarudi ilivyokuwa. Miezi mitano baadaye anafika hospitali kwa sababu ya kidonda cha mguu kisichopona. Muuguzi anamuuliza, "Baba, mara ya mwisho ulipima sukari lini?" Hajawahi kupima. Sukari iko juu, na shinikizo la damu pia.

Fedha zake zimepotea, nalo ni jambo la kusikitisha. Lakini hasara kubwa zaidi ni ule mwaka na nusu ambao mwili ulimpelekea barua ya onyo, na kila aliyempokea akamuuzia kitu bila kumsaidia kuisoma. Kipimo cha sukari na cha shinikizo la damu hufanyika kwa dakika chache, hata katika kituo cha afya cha kata. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Nasi tunaongeza kuwa asiyeficha naye anaweza kuumia, iwapo atamweleza mtu asiyetaka kumpima.

7. Tiba zilizo na ushahidi

Hatua ya kwanza ni kupimwa: shinikizo la damu, sukari, mafuta katika damu, na, inapobidi, homoni. Daktari atauliza pia kuhusu dawa unazotumia, usingizi, pombe, sigara na hali ya nyumbani. Kuacha tumbaku, kupunguza uzito na kufanya mazoezi huisaidia mishipa yote, ya moyo na ya uume.

Zipo dawa za kumeza, ambazo ya kwanza kuidhinishwa ilikuwa sildenafil, nchini Marekani mwaka 1998. Huwasaidia wanaume wengi, lakini ni dawa za cheti. Mtu anayetumia dawa za moyo za kundi la naitreti akizichanganya na dawa hizi, shinikizo la damu linaweza kushuka ghafla kiasi cha kuhatarisha maisha. Tahadhari hiyo inahusu pia baadhi ya bidhaa zinazoitwa za asili, kwa kuwa mamlaka za udhibiti katika nchi mbalimbali zimebaini mara kwa mara bidhaa za namna hiyo zilizochanganywa kwa siri na sildenafil. Anayezitumia hajui ameza nini, wala kiasi gani.

Kwa wasiosaidiwa na vidonge, zipo pampu za kuvuta damu, sindano maalumu na ushauri nasaha kwa wenzi wote wawili. Kwa hali zilizoshindikana upo upasuaji wa kuweka kipandikizi ndani ya uume. Upasuaji huo si wa kufuatwa ng'ambo tu: mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyopo hapa Dodoma, ilitangaza kuwa imeanza kuufanya. Mkazi wa Kondoa, Mpwapwa, Manyoni au Singida anaweza kuanza safari yake katika zahanati ya karibu na kufika kwa daktari bingwa kwa njia ya rufaa.

8. Kulisoma tangazo

Tumetunga tangazo lifuatalo kwa ajili ya kujifunza:

"Rudisha heshima ya ndoa! Teknolojia ya Ujerumani. Bila dawa, bila maumivu. Asilimia 95 hupona kabisa. Hakuna haja ya vipimo. Punguzo mwisho Ijumaa."

"Heshima ya ndoa" hulenga aibu, na mwenye aibu hulipa haraka ili aondoke asionwe. "Ya Ujerumani" hueleza mashine ilikotoka, si inachoweza kufanya. "Asilimia 95" haisemi ni ya watu wangapi, waliofuatiliwa kwa muda gani, wala kama palikuwa na kundi la kulinganisha. "Hupona kabisa" ni ahadi ambayo hakuna mwongozo wa kitabibu tuliousoma unaoitoa. "Hakuna haja ya vipimo" ndilo neno la hatari kuliko yote, kwa sababu linamziba mgonjwa macho asione kisukari au ugonjwa wa moyo. "Mwisho Ijumaa" linamnyima muda wa kushauriana na mwenza wake au daktari. Tatizo lililodumu mwaka mzima haliharibiki kwa kusubiri wiki moja ya vipimo.

9. Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Nakili maswali haya, uende nayo:

1. Je, mtanipima sukari, shinikizo la damu na mengineyo kabla ya tiba?
2. Chanzo cha tatizo langu ni nini, na tiba hii inahusianaje na chanzo hicho?
3. Mashine ni ya aina gani, na imesajiliwa kwa matumizi gani?
4. Nani ataiendesha, na leseni yake ni ya taaluma gani?
5. Awamu ni ngapi, na gharama ya jumla ni kiasi gani?
6. Nikiacha katikati au nisipopata nafuu, nini kitafuata, na fedha zangu zitakuwaje?
7. Ni tiba gani nyingine ninazoweza kuchagua?

Mtoa huduma mwaminifu hatakasirishwa na maswali haya. Atakujibu, na pengine atakuambia kuwa tiba hii haikufai. Ukiamua kuendelea, omba maelezo kwa maandishi na risiti halali ya kila malipo. Ukipata madhara, au ukihisi kifaa au tangazo halijafuata sheria, toa taarifa kwetu kupitia ofisi ya kanda iliyo karibu nawe au kwa njia zilizooneshwa kwenye jalada la kijitabu hiki. Hukulazimika kuwa na uhakika kabla ya kutoa taarifa. Kuchunguza ni kazi yetu.

Zoezi

Jibu kisha ujadiliane na mwenza au rafiki unayemwamini.

(a) Kwa nini tatizo la uume linaweza kutangulia tatizo la moyo?
(b) Kifaa bandia katika jaribio kina kazi gani?
(c) Jirani anasema, "Mashine yao imesajiliwa, kwa hiyo inatibu." Utamjibuje?
(d) Wewe, au baba wa nyumba yako, alipima sukari na shinikizo la damu mara ya mwisho lini?

Swali la mwisho halina jibu katika kurasa hizi. Iwapo limekukwamisha, lipeleke kwenye kituo cha afya wiki hii.